IBM i 7.4: kushusha na kusakinisha PTF bila kurudia kazi mara tatu

mlinzi_wa_5250

Wakuu, poleni na majukumu. Tuna seva moja ya IBM Power hapa Posta yenye patisheni tatu (sehemu zinazojitegemea) za mfumo wa IBM i 7.4: uzalishaji, majaribio na akiba. Utaratibu tuliorithi ni huu: mtu anashusha imeji (mafaili ya diski yaliyobeba PTF, yaani marekebisho ya IBM) kutoka tovuti ya Fix Central kwenye laptopu yake, anazipandisha IFS (sehemu ya mafaili ya IBM i) kwa FTP, anaziingiza moja moja kwenye katalogi ya imeji kwa ADDIMGCLGE, anasakinisha. Akimaliza anahamia patisheni ya pili, kisha ya tatu. Mzigo wa mara ya mwisho ulikuwa gigabaiti 12 na laini yetu ni megabiti 20. Nafasi ya kuzima uzalishaji ni Jumamosi saa 4 usiku mpaka Jumapili saa 11 alfajiri, na nusu yake inaliwa na kuhamisha mafaili. Juu ya hayo, imeji mbili zilikataliwa zilipoingizwa kwenye katalogi ingawa kwenye laptopu zilishuka salama. Tufupishe wapi?

baharia_wa_IFS

Mkuu, hizo imeji mbili kwanza. Kama zilishuka salama kisha zikaharibikia njiani, nenda moja kwa moja kwenye FTP: ilikuwa katika hali ya ASCII. Andika `binary` kabla ya `put`, kisha linganisha ukubwa wa faili pande zote mbili kwa baiti, si kwa megabaiti. Tofauti ya baiti chache tu inatosha kuiua imeji.

Ila dawa yenyewe ni kuiondoa laptopu katikati. Mashine inajua kuagiza yenyewe:

`SNDPTFORD PTFID((SF99740)) DLVRYFMT(*IMAGE) IMGCLG(PTF740) IMGDIR('/ptf/ptf740')`

SF99740 ni kifurushi kikuu cha 7.4, na ukikiagiza hivi kinakuja pamoja na kundi la HIPER, yaani la makosa mazito (SF99739), na la hifadhidata ya Db2 (SF99704). Kundi la usalama SF99738 liagize peke yake. Imeji zinatua kwenye folda hiyo na katalogi inaundwa papo hapo, kwa hiyo ADDIMGCLGE isahau. Usiache DLVRYFMT kuwa *SAVF, maana hiyo ni ya PTF moja moja; makundi na kifurushi kikuu havipiti huko.

Kabla ya yote endesha `VFYSRVCFG SERVICE(*ECS)`, inayopima muunganisho wa mashine na huduma za IBM (ECS). Ikigoma, tatizo mara nyingi liko kwenye fayawoli: patisheni inatakiwa itoke kwa bandari 443 kwenda esupport.ibm.com na kwenye seva za kushushia za IBM. Waambie watu wa mtandao wasifungue na kukagua SSL ya njia hiyo. Fayawoli ikibandika cheti chake, mashine inakikataa, nanyi mtabaki kulaumu laini.

Gigabaiti 12 kwa megabiti 20 ni dakika 80 za kwenye karatasi. Mchana wa Posta zidisha mara mbili, au agizeni usiku. Na msingoje wiki ya kazi: nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, aliyeacha kushusha mpaka dakika ya mwisho hakuwa na la kufanya.

patisheni_ya_nne

Naongezea kwenye kurudia mara tatu, kwa sababu hapo ndipo muda wenu unapopotea. Shusheni mara moja tu kwenye patisheni ya majaribio, nyingine zisome folda hiyo kupitia mtandao kwa NFS. Upande wa majaribio:

`CRTDEVOPT DEVD(OPTVRT01) RSRCNAME(*VRT)`
`VRYCFG CFGOBJ(OPTVRT01) CFGTYPE(*DEV) STATUS(*ON)`
`LODIMGCLG IMGCLG(PTF740) DEV(OPTVRT01)`
`VFYIMGCLG IMGCLG(PTF740) TYPE(*PTF) SORT(*YES) NFSSHR(*YES)`

SORT(*YES) inapanga imeji kwa mfuatano unaotakiwa. NFSSHR(*YES) inaandika faili la VOLUME_LIST ndani ya folda. Hilo lisipokuwepo, patisheni nyingine haioni kitu hata kama mtandao ni mzima. Kisha `STRNFSSVR *ALL`, na ufungue folda kwa CHGNFSEXP ukiweka `-I -O RO,ANON=0`.

Kwenye patisheni nyingine tengeneza kifaa cha optiki kwa CRTDEVOPT hiyo hiyo, ila RMTINTNETA iwe IP ya majaribio na NETIMGDIR iwe '/ptf/ptf740'. Kiwashe kwa VRYCFG, basi. Kikikataa kuwaka, angalia ruhusa za folda kabla ya kumsumbua mtu wa mtandao.

dada_IPL

Kushusha mmeshamaliza, tuje kwenye dirisha lenu la kuzima, lenye urefu wa saa 7. Kupakia PTF na kuzitekeleza ni kazi mbili tofauti. Kupakia kufanyike Ijumaa watumiaji wakiwa ndani:

`INSPTF LICPGM((*ALL)) DEV(OPTVRT01) INSTYP(*DLYALL)`

Hii inapakia na kuziwekea alama zote zisubiri IPL, yaani mashine kuwashwa upya. Angalia vidole: *DLYIPL inafanana nayo kwa herufi, lakini yenyewe ikimaliza inazima mashine na kuiwasha upya. Ijumaa mchana hutapenda.

Kabla ya kupakia, piga `DSPPTF LICPGM(5770999)` (5770999 ni msimbo wa ndani wa mashine, wenye nakala A na B) usome juu ya skrini. IPL source inatakiwa iwe ##MACH#B. Ukikuta A, panga IPL ya kwenda B mapema; ukiigundua Jumamosi usiku umejiongezea IPL nzima ndani ya dirisha. Angalia pia diski kwa WRKSYSSTS. Imeji zinakula nafasi, na PTF zikipakiwa zinakula nyingine, kwa hiyo kama ASP ya mfumo (hifadhi kuu ya diski) iko karibu na asilimia 90, safisha kwanza.

Jumamosi saa 4 hifadhi kwanza, halafu:

`PWRDWNSYS OPTION(*CNTRLD) DELAY(600) RESTART(*YES) IPLSRC(B)`

Ikirudi, WRKPTFGRP ioneshe Installed. Usikimbilie nyumbani: `DSPLOG MSGID(CPC37A9)` ndiyo inayokuambia INZSYS (hatua ya kuandaa mfumo baada ya IPL) imekamilika. Isipoonekana, subiri, usizime tena.

Na anzeni na majaribio wiki nzima kabla ya uzalishaji.

mlinzi_wa_5250

Asanteni sana. ECS imepita baada ya fayawoli kurekebishwa. Mbili za mwisho: hizi mpya niziweke za kudumu? Na imeji nifute lini?

dada_IPL

Mpya ziache za muda, ili moja ikileta shida uitoe kwa RMVPTF. Ukishaifanya ya kudumu haitoki. Za kudumu ziwe zile za zamani za 5770999, kabla ya kupakia kifurushi kijacho: `APYPTF LICPGM(5770999) SELECT(*ALL) APY(*PERM) DELAYED(*YES)`, zitaingia kwenye IPL inayofuata.

patisheni_ya_nne

Imeji futa baada ya patisheni ya tatu kupita, si kabla, maana zote zinasoma folda hiyo moja. Zima vifaa vya NFS kwanza, kisha `DLTIMGCLG IMGCLG(PTF740) KEEP(*NO)`. Ukiacha KEEP(*YES) katalogi inaondoka na zile gigabaiti 12 zinabaki kwenye IFS.