Mnunuzi anasema avokado zangu "hazifikii sheria ya Ulaya". Ni kweli?

Mkulima_Mayuge:
Wadau, naomba ushauri. Nina avokado aina ya Hass huku Mayuge, Uganda, na mnunuzi wangu anapeleka Ulaya. Safari hii amechagulia pale pale shambani, karibu nusu akaiacha chini: hii ndogo, ile ina kovu, nyingine changa. Nikiuliza, jibu ni moja tu, "sheria ya Ulaya". Alizochukua amelipa vizuri, hapo sina neno. Zilizobaki zinaenda soko la Kalerwe, Kampala, kwa bei ya kutupa. Hiyo sheria inasema nini hasa?

BusiaMpakani:
Ndugu, amechanganya mambo mawili, na mchanganyo huo unamfaa yeye. Umoja wa Ulaya una viwango maalumu kwa mazao machache tu, kama tufaha, zabibu na nyanya. Avokado haimo. Yenyewe iko chini ya kanuni ya jumla: iwe nzima, safi, isiyooza, isiyo na wadudu, imekomaa vya kutosha, na nchi ilikotoka iandikwe. Ukifuata kiwango cha avokado cha UNECE (tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya) unahesabiwa umetimiza. Hicho kinakubali Hass hata ya gramu 80, na kovu la ganda hadi sentimita 4 za mraba kwa daraja la kwanza, 6 kwa la pili. Akidai saizi 18 tu (yaani matunda 18 kwa katoni ya kilo 4), hayo ni matakwa ya supamaketi. Ana haki ya kuyataka, ila asiyaite sheria.

Kijana_Kapchorwa:
Kwenye uchanga mimi niko na mnunuzi. Avokado haiivii mtini, na ukiichuma mapema inanywea, inakuwa mpira. Hass inatakiwa draimata (kinachobaki nyama ikikaushwa maji yote) 21%. Pima mwenyewe: kwaruza nyama bila ganda wala kokwa, gramu 10, kausha kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, rudia kupima hadi uzito usishuke tena. Ikibaki gramu 2.1 au zaidi, vuna. Fanya kwa matunda kadhaa, ya miti tofauti.

Mzee_wa_Mbale:
Vijana, viwango pia ni silaha ya soko. Sheria ya masoko ya kilimo ya Marekani ni ya 1937. Mwaka 1954 wakaongeza kifungu 8e: wakulima wao wakiwekewa kipimo cha saizi au ubora, tunda la nje nalo lazima likifikie. Inasikika kama haki. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 wakulima wa jimbo lao la Florida walitaka nyanya zilizochumwa zikianza kuiva ziwe kubwa kuliko zile za kijani. Wao waliuza sana za kijani, Mexico ndiyo iliyouza za kuiva. Mnaona? Kipimo kimoja, maumivu upande mmoja. Matunda madogo yakizuiwa, bei ya makubwa hupanda na mwenye makubwa anacheka.

Mkulima_Mayuge:
Asante mzee. Sasa nimwambieje bila kumkimbiza? Wanunuzi wenyewe huku wachache.

Dada_Masaka:
Usimbishie sheria kabisa. Kabla hajaleta makreti, mwombe aandike saizi, ukubwa wa kovu na draimata anayotaka, halafu muulize bei ya daraja la pili. Mara nyingi ipo, ila hawaisemi. Zisizofaa mpe jirani anayekamua mafuta.
Na kaka, umepulizia nini? Klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu, Ulaya waliipiga marufuku 2020, mabaki yake hayatakiwi kupita miligramu 0.01 kwa kilo. Hilo ni sheria kweli, na mzigo unaweza kukwama ukiwa umeshafika bandarini kwao.

Mkulima_Mayuge:
Ngoja nikasome kopo.