Mafuta ya Zanzibar yatolewe kwenye orodha ya Muungano sasa hivi, kabla hayajapatikana

Wakuu salaam. Naleta hoja hapa tuijadili kwa hoja, anayetaka kuitana mkoloni na msaliti aende kwingine. Mimi ni mtu wa Bara, tena wa Lindi, kwa hiyo msije mkasema natetea kwetu.

Ninachosema ni hivi: mafuta na gesi yafutwe kwenye orodha ya Mambo ya Muungano (yale yanayosimamiwa na serikali ya Muungano kwa Bara na Zanzibar) kwa kubadilisha Katiba yenyewe, siyo kwa sheria ya kawaida, na yafutwe sasa wakati hakuna hata pipa moja la Zanzibar lililouzwa. Najua kuna watakaoruka hapo hapo waseme "mbona hili liliisha 2015". Halijaisha jamani, limefunikwa.

Kwa ambao hawakufatilia, turudi nyuma kidogo. Hati za Muungano za 1964 zilikuwa na mambo 11 tu, mafuta hayamo. Yakaja kuongezwa 1968, na leo ukifungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 unayakuta namba 15 pamoja na gesi asilia, na orodha yenyewe imeshafika mambo 22. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, wengine wanasema Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alikuwa hai na alijua kila kitu, wengine wanasema Zanzibar haikuulizwa ilivyotakiwa. Hiyo ya nani alijua na nani hakujua siingii, tutabishana mpaka kesho na waliokuwepo wengi wameshatangulia mbele ya haki.

Cha muhimu ni kilichotokea baadaye. 2002 kampuni ya Shell wakapata vitalu (maeneo ya kutafutia mafuta) vya bahari kuu upande wa mashariki wa Unguja na Pemba kupitia serikali ya Muungano, namba 9 mpaka 12, vikakaa miaka na miaka bila kazi kwa sababu Zanzibar ilisema hapa hamgusi mpaka tujue nani anapata nini. Aprili 2009 Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar, likapitisha azimio kwamba mafuta na gesi yaondoke kwenye Muungano, na kumbuka enzi hizo CCM na CUF walikuwa hawapikiki chungu kimoja lakini kwenye hili walisimama pamoja. Ikaja Rasimu ya Katiba mpya ya tume ya Jaji Warioba 2013, ikapunguza mambo ya Muungano yakabaki 7 na mafuta hayakuwemo. Tukaishia kwenye Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ambayo kura yake ya maoni ilipangwa Aprili 2015, haikupigwa mpaka leo.

Sasa baada ya Katiba kukwama ndio likafanyika lile la Julai 2015. Bunge likapitisha Sheria ya Petroli kwa hati ya dharura, wapinzani wakatolewa nje, na ndani ya sheria ile kukawekwa kwamba mafuta na gesi ya Zanzibar yatasimamiwa na taasisi za Zanzibar kwa sheria za Zanzibar. Mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yao ya mafuta na gesi, Dk. Shein, Rais wa Zanzibar wakati huo, akasaini, wakaunda mamlaka ya udhibiti (ZPRA) na kampuni yao (ZPDC). Watu wakapiga makofi, kero imeisha.

Hebu chukua Katiba usome ibara ya 64. Ibara ndogo ya 3 inasema sheria ya Baraza la Wawakilishi ikihusu jambo lililo kwenye mamlaka ya Bunge, sheria hiyo ni batili. Ibara ndogo ya 5 inasema sheria yoyote ikigongana na Katiba basi Katiba ndiyo inashinda. Na namba 15 ipo pale pale haijafutwa! Yaani tuna sheria ya Bunge inayowaachia Zanzibar jambo ambalo Katiba inasema ni la Muungano, juu yake tuna sheria ya Baraza, juu yake tena tuna mkataba wa Oktoba 2018 na RAK Gas ya kule Ras al-Khaimah kwa kitalu cha Pemba-Zanzibar, na 2024 wakatangaza zabuni ya vitalu vinane vya baharini. Ghorofa lote hilo limesimama kwenye kiwanja ambacho hati yake imeandikwa jina la mtu mwingine.

Mtu ataniambia "sasa nani ataenda mahakamani, serikali zote mbili ni za chama kimoja". Leo sawa. Nendeni mkaangalie Iraki lakini. Katiba yao ya 2005 ilizungumzia visima vya wakati ule, ikasema serikali kuu itaviendesha pamoja na majimbo yanayozalisha, visima vipya ikaviacha hewani na kila upande ukasoma inavyompendeza. Wakurdi, wenye jimbo lao na serikali yao kaskazini mwa Iraki, wakatunga sheria yao ya mafuta 2007, wakaleta makampuni, wakawa wanauza nje kupitia bandari ya Ceyhan Uturuki. Miaka 15 baadaye, Februari 2022, Mahakama Kuu ya Shirikisho Baghdad ikasema sheria ile ni kinyume cha katiba. Mwaka uliofuata Iraki ikashinda kesi ya usuluhishi dhidi ya Uturuki, bomba la kwenda Ceyhan likafungwa Machi 2023, likaja kufunguliwa Septemba 2025. Katikati hapo Wakurdi mishahara ya serikali ilikuwa kuvutana na Baghdad kila mwezi. Sheria iliyofanya kazi miaka 15 ikafutwa siku moja! Sasa niambieni sheria yetu ya 2016 ina kinga gani ambayo ile ya Wakurdi haikuwa nayo. Mimi siioni.

Na kwetu kuna kitu kingine watu hawapendi kukigusa, bahari. Nchi kavu unajua Pemba ni Pemba. Ukishaingia majini, mpaka wa mafuta ya Bara na mafuta ya Zanzibar unapita wapi? Ndani ya Jamhuri moja hatujawahi kuwa na sababu ya kuchora huo mstari kwa uzito huo, na eneo la bahari kuu kimataifa ni la Jamhuri ya Muungano, siyo la Zanzibar wala la Tanganyika. Kuna kile kisiwa kidogo cha mawe na ndege kusini-mashariki ya Unguja, Bara tunakiita Fungu Mbaraka, Wazanzibari wanasema Fungu Kizimkazi, kwenye ramani za Wazungu ni Latham. Hakuna mtu anayeishi pale. Lakini aliye na kile kisiwa ana hoja ya kudai maji mengi sana yanayokizunguka, na kwa sasa pande zote mbili zinakisema ni chao kwa sauti ya chini chini. Siku likipatikana kitu karibu na pale hiyo sauti ya chini haitakuwepo.

Kubadilisha orodha kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Bunge la sasa hizo namba zipo pande zote, Rais mwenyewe ni Mzanzibari, hakuna wa kusingizia. Kwa nini haifanyiki? Nadhani (hii ni akili yangu) ni kwa sababu ukifungua orodha kwa namba 15 kuna mtu atasimama kusema tukiwa hapo hapo tuangalie na zingine, na hicho ndicho kinachoogopwa kuliko mafuta yenyewe.

NYONGEZA: nimesoma michango yenu, naomba nijibu kwa pamoja.

Kuna mkuu ameandika "basi na Zanzibar waache kudai gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay", yaani gesi ya kwetu Lindi na Mtwara. Nakubaliana naye kabisa na ndiyo faida ya kufuta namba 15. Wazanzibari wamelalamika tangu gesi ya Songo Songo ianze kwenda kuzalisha umeme Ubungo, Dar, 2004 kwamba ni jambo la Muungano lakini hawaoni mgao, na kwa Katiba ilivyo wana hoja. Huwezi kuwaambia chenu chenu halafu chetu pia tusubiri tuone. Ikifutwa kila mtu anajua chake.

Mwanasheria mmoja amesema Bunge limekasimu tu utekelezaji, jambo limebaki la Muungano. Sawa mkuu, lakini umesikia ulichosema? Kama limekasimiwa basi linaweza kurudishwa kwa kura ya wabunge wengi wa kawaida, asubuhi moja, kwa hati ya dharura kama lilivyotoka. Mwekezaji wa kuchimba bahari kuu anaweka mabilioni kwa miaka 25, akisoma hivyo anafunga begi.

Dada wa Pemba ameuliza Unguja wakishayapata yeye atapata nini, kwa sababu kitalu cha kwanza kina jina la Pemba lakini ofisi zote ziko Unguja. Dada yangu hapo sina jibu la kukuridhisha. Wanaolalamika kuhusu Dodoma mchana kutwa wakiulizwa kuhusu Chake Chake kule Pemba wanabadilisha mada, nimeliona hilo mara nyingi.

Na mwisho ndugu zangu wa Kusini, hasa yule aliyeandika kwa hasira "sisi Mtwara tulivyosema gesi haitoki tulipigwa mabomu, Zanzibar wakisema wanatungiwa sheria". Kaka nakuelewa, mimi mwenyewe nina ndugu Mtwara na Mei 2013 tulikuwa tunapigiana simu usiku kujua nani yuko salama. Bomba la zaidi ya kilomita 500 likajengwa kwenda Dar, likazinduliwa 2015, kwetu halmashauri zinabaki na ushuru wa huduma usiofika hata asilimia moja ya mauzo. Tofauti ni kwamba Zanzibar ina katiba yake, ina Baraza la kutunga sheria, ina mtu wa kukaa naye mezani. Mtwara ni mkoa, mkuu wake anateuliwa na yule yule mnayegombana naye. Ila kosa la Mtwara kunyimwa halifanyi Zanzibar nao wanyimwe, wivu wa namna hiyo hautaleta shilingi hata moja Msimbati, kule Mtwara gesi inakotoka.

Wakenya walilimaliza kwa namna yao, watu wa kaunti ya Turkana walizuia malori ya mafuta barabarani 2018, mwaka uliofuata 2019 sheria ikatoka na mgao umeandikwa humo, asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 wananchi wa eneo husika. Unaweza kusema 5 ni kidogo, mwanzo ilikuwa inazungumzwa 10, lakini imeandikwa na mtu wa Lokichar kule Turkana anaweza kwenda nayo mahakamani. Sisi Lindi na Mtwara hatuna mstari kama huo popote. Nitaanzisha mada yake peke yake, humu tubaki na namba 15.

Kwa hiyo anayepinga anijibu haya mawili bila kuzunguka: sheria ya 2016 inapitaje kwenye ibara ya 64(3), na kisima kikichimbwa karibu na Fungu Mbaraka leseni anasaini waziri wa Dodoma au wa Unguja?