Naomba ushauri: mizabibu ya kula hapa Malindi, nipogoe lini?

Salaam wakulima. Niko Ganda, na mizabibu yangu imepanda kichanja cha uani hadi kivuli kinatosha kutandika jamvi. Tatizo ni zabibu zenyewe: vichala vichache, na punje zikianza kuvimba zinapata unga mweupe, halafu zinapasuka.

Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkasi ndio unaoamua msimu. Wenzetu wa Dodoma wanapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, lakini kule ni kukavu. Hapa masika hushuka Aprili hadi Juni, na hata kukianuka unyevu wa bahari haukuachi. Nipogoe mwezi gani ili maua yasikutane na mvua?

Halafu muuza miche ananisukumia Thompson Seedless, ile isiyo na kokwa. Tamu, sikatai, ila macho yake ya chini, yaani vichipukizi vya mwanzo wa tawi, hayazai vizuri, lazima uache matawi marefu. Aina nyingine, Cardinal, inakubali kukatwa fupi. Kuna aliyeipanda Pwani? Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi, na kingo za majani zimeanza kuungua.

Salfa ya unga ya kuzuia ule unga mweupe ninayo. Mnapiga saa ngapi na jua hili?