Kupikia wageni Wahindu: nyama, mayai, siku za mfungo na masufuria (tupeane uzoefu)

mwiko_mrefu:
Wakuu, uzi huu ni wa wanaochukua tenda za vyakula kwenye shughuli za Wahindu, iwe Kisutu, Mombasa au Parklands. "Weka mboga tu" haitoshi. Kabla ya kutaja bei uliza: wenyeji ni wa jamii au dhehebu gani, shughuli inaangukia siku gani, na vyombo vinatoka wapi.

Wengi wa huku asili yao ni Gujarat, na kwa walio wengi nyama, samaki na yai havipiti. Maziwa, mtindi na samli ruksa. Msingi wake ni ahimsa, kutodhuru chenye uhai. Ng'ombe ana heshima yake peke yake: hata Mhindu anayekula mbuzi, kwa kawaida nyama ya ng'ombe haigusi.

kitunguu_maji:
Naongezea hapo. Msidhani Mhindu yeyote ni wa mboga. Utafiti wa 2021 wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulionyesha 44% ya Wahindu wa India wanajitaja kuwa hawali nyama. Mbengali bila samaki harusi haijakamilika. Pandit wa Kashmir (Mhindu wa tabaka la Brahmin wa huko) anakula mbuzi, ila kwa desturi anampika bila kitunguu wala thomu. Hata mbuzi anayetolewa sadaka kwa mungu wa kike Kali kule Bengal hupikwa hivyo hivyo. Na wapo wanaokula nyama wiki nzima lakini Jumanne, siku ya mungu Hanuman, hawaigusi, au wanaiacha mwezi mzima wa Shravan wa kalenda ya Kihindu. Ndiyo maana tarehe ina uzito kuliko menyu.

stoo_safi:
Makosa mengi hayatoki buchani, yanatoka kabatini. Vidonge vya supu na unga wa mchuzi: soma pakiti, vingine vina mafuta ya ng'ombe. Jeli ina gelatini, inayotoka kwenye mifupa na ngozi za wanyama. Jibini ngumu nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Mayonesi ni yai. E120 ni rangi ya mdudu. E471 yaweza kuwa ya mmea au ya mnyama, pakiti isiposema iache dukani. Bidhaa za India ni rahisi: mraba wenye duara la kijani hauna nyama wala yai, alama ya kahawia unavyo.

Panir, jibini laini ya Kihindi, tengeneza mwenyewe. Lita 2 za maziwa yasiyotolewa mafuta, yachemke, zima moto, mimina maji ya ndimu vijiko vikubwa 3 hadi 4 kidogo kidogo mpaka maji yajitenge. Chuja kwa kitambaa, suuza, kandamiza dakika 40. Ukiendelea kuchemsha baada ya ndimu inakuwa mpira. Maziwa ya boksi ya muda mrefu hayagandi vizuri.

mvuje_kidogo:
Kwa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, ondoa pia kitunguu na thomu, na wengi wao hata mvuje (kiungo cha utomvu chenye harufu kali). Kwa wengine wasiokula kitunguu, mvuje ndio mkombozi: dengu kavu kilo 1, nusu kijiko cha chai, ndani ya samli ya moto sekunde chache kabla ya bizari nyembamba. Ukiutia kwenye maji unabaki kunuka.

Wajaini ni dini nyingine lakini hualikwa shughuli hizo hizo. Kwao viazi, karoti na tangawizi mbichi navyo vinatoka, na wengi hula kabla jua halijazama. Sinia lao liwe tayari mapema.

mwiko_mrefu:
Mkuu, na Ekadashi?

mvuje_kidogo:
Hiyo ni siku ya mfungo, huja mara mbili kwa mwezi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi wa mwandamo. Nafaka na jamii ya kunde hazipikwi: hakuna wali, chapati, dengu. Viazi, karanga, maziwa na matunda vinakubalika, chumvi iwe ya mawe. Mtego ni mvuje wa kopo: kwa kawaida umechanganywa na unga wa ngano au mchele, na mtu anaharibiwa mfungo bila kujua.

Chakula cha uhakika ni sabudana, punje za wanga wa muhogo. Osha kikombe 1 mpaka maji yawe meupe kidogo tu, loweka kwa robo tatu ya kikombe cha maji saa 4 hadi 6. Punje ibonyee kwa vidole. Changanya na nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kisha viazi, pilipili na bizari nyembamba. Ukizidisha maji inageuka gundi, na hapo hakuna dawa.

sufuria_mbili:
Nimalizie na vyombo, maana hapa ndipo tenda zinapotea. Kuosha sufuria iliyopikiwa nyama hakuwatoshi wengi. Nunua seti ya pembeni, ipake rangi kwenye mikono, na miko, mbao za kukatia na visu viende pamoja nayo. Mafuta yaliyokaangia sambusa za nyama hayakaangii bhajia. Jiko la mkaa lililochomewa mishikaki libadilishiwe wavu.

Na kama chakula kitawekwa mbele ya mungu hekaluni kwanza, mpishi haonji. Chumvi ipimwe: dengu kavu kilo 1, gramu 40, basi. Wanaozoea kuonja kwa kiganja wapewe kazi ya kukata mboga.