Bango la utafiti wa sumukuvu kwa mashindano ya wanafunzi wa uzamivu: niweke nini, niache nini?

Mtafiti wa Nafaka:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Chuo chetu kimetangaza mashindano ya mabango ya kisayansi kwa wanafunzi wa shahada ya uzamivu, nami nimeandikisha utafiti wangu kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, katika mahindi yanayohifadhiwa majumbani mkoani Dodoma, mkoa ambao mwaka 2016, pamoja na Manyara, ulipoteza watu kwa sumu hiyo. Bango ni la ukubwa wa A0, na kila mshiriki atapewa dakika tatu mbele ya majaji wa fani mbalimbali. Msimamizi wangu anataka majedwali yote manne yaonekane, kwa hoja kwamba jaji asiyeona takwimu hana sababu ya kuamini hitimisho. Mimi nahofia kuwa maandishi yatakuwa madogo mno. Mliowahi kushiriki au kuwa majaji, mnashauri nini?

Mhadhiri wa Morogoro:
Hongera, maana umechagua jambo linalogusa chakula cha kila siku. Nimekuwa jaji mara kadhaa, na mabango mengi hushindwa kwa sababu mwandishi amebandika tasnifu nzima ukutani. Kichwa cha bango kitaje ulichogundua, wala si mada tu. Mwaka 2019 Mike Morrison, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Michigan State, alipendekeza bango ambalo katikati yake pana sentensi moja kubwa, yenye matokeo makuu kwa lugha nyepesi, huku mbinu na takwimu zikikaa pembeni. Kwa jopo mchanganyiko kama lenu, mpangilio huo unafaa sana. Jedwali moja ligeuze kuwa grafu, na mengine matatu yachapishe katika karatasi utakayomkabidhi jaji atakayeyahitaji.

Mkemia wa Chakula:
Nakubaliana na Mhadhiri kuhusu kichwa, lakini hapo kwenye kusukuma mbinu pembeni sikubaliani naye kwa utafiti huu. Sumukuvu haitawanyiki sawasawa: katika gunia moja punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote, hivyo anayechota konzi moja juu ya gunia anaweza kupata jibu la kutuliza roho kumbe gunia ni hatari. Jaji anayeijua fani atauliza kwanza sampuli zilichukuliwaje, na msimamizi wako ana haki ya kulijali hilo. Chora mchoro mmoja unaoonyesha sampuli ilichotwa sehemu zipi za gunia, ikachanganywa, ikasagwa, kisha ikapimwa. Katika grafu yako, piga mstari wa kikomo cha Afrika Mashariki, yaani maikrogramu 10 za sumukuvu kwa jumla katika kila kilo ya mahindi, ili hata mwanahisabati aone papo hapo ni sampuli zipi zimevuka. Epuka kutofautisha makundi kwa nyekundu na kijani, kwani wapo wasioweza kuzitenganisha rangi hizo.

Mtafiti wa Nafaka:
Nawashukuru sana nyote. Nitaweka grafu moja yenye mstari wa kikomo na mchoro wa sampuli, na leo nitampelekea msimamizi hoja zenu. Je, nitajuaje ukubwa wa herufi unatosha kabla ya kulipia uchapaji?

Mhadhiri wa Morogoro:
Chapisha bango zima katika karatasi ya A4. Upana wake ni robo ya ule wa A0, hivyo herufi za ukubwa wa 24 zitaonekana kama za 6. Usichoweza kukisoma hapo bila kukaza macho, kikuze au kiondoe.