Pampu ndogo ya rotari kwa mashine ya espresso ya nyumbani: nichukue ya lita ngapi?

kikombe_kimoja

Wakuu, naomba msaada. Nataka kutoa pampu ya mtetemo (Ulka ya wati 48) kwenye mashine ya boila moja ambayo maji ya kahawa hupita kwenye bomba lililo ndani ya boila, niweke ya rotari (inayosukuma maji kwa vibao vidogo vinavyozunguka). Nafasi niliyonayo ni urefu sm 26, upana 13, kimo 14. Maji yanatoka kwenye tangi la mashine. Nina chaguo tatu: lita 50, 100 au 200 kwa saa, zote na mota ya wati 150 ya kapasita. Naelekea kuchukua ya 200 ili isihangaike. Niko sawa? Na kuna cha kubadilisha zaidi ya pampu yenyewe?

presha_tisa

Chukua ya 50, mkuu. Espresso ya gramu 36 kwa sekunde 30 ni kama mililita 1.2 kwa sekunde. Pampu ya lita 50 kwa saa inasukuma karibu mililita 14 kwa sekunde. Mahali pekee unapohitaji maji mengi ni mwanzo, wakati wa kujaza nafasi iliyo juu ya kahawa, na hapo kinachoamua ni kile kitundu chembamba kilicho njiani kuelekea kichwa cha mashine (pale panapofungwa kishikio cha kahawa). Kitundu cha milimita 0.6 kwenye bar 9 hupitisha mililita 7 au 8 kwa sekunde. Yanayobaki yanazunguka tu kwenye baipasi ndani ya pampu, yaani njia yenye valvu ya skrubu inayorudisha maji ya ziada upande wa kuvuta.

Nguvu nayo isikutishe. Lita 50 kwa saa kwenye bar 9 ni kazi ya wati 12.5 tu, mota inamalizia nguvu zake kwenye msuguano wa vibao vya grafiti na kwenye kuanza kuzunguka. Wati 150 zinatosha na kubaki.

Sasa vitu ambavyo watu husahau.

Ulka ina valvu ndani yake inayozuia maji kurudi. Rotari haina. Ukizima, maji ya boila yanajipenyeza nyuma kupitia vibao hadi kwenye tangi, na tangi linaanza kuwa vuguvugu. Kwa hiyo weka valvu ya njia moja baada ya pampu. Ukishaiweka, unapata tatizo la pili: maji yaliyofungiwa kati ya valvu hiyo na boila yakipashwa yanatanuka na hayana pa kwenda. Lazima valvu ya kupunguza presha iwe upande wa boila, baada ya ile ya njia moja. Mashine yako bila shaka tayari inayo, ile inayorudisha maji kwenye tangi, ila kiwandani huwekwa ili ipunguze presha ya Ulka. Ipandishe hadi bar 12. Ukiiacha kwenye 9 au 10 itakuwa inashindana na baipasi ya pampu, na utakesha unakaza skrubu usiyopaswa kuigusa.

Umeme: bodi ya mashine iliwasha wati 48. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, na kile kitraiaki kidogo (swichi ya kielektroniki) kwenye bodi hakitadumu. Acha bodi iwashe rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), rilei ndiyo iwashe mota. Chagua rilei iliyoandikwa kwamba ni ya mota, na usisahau waya wa ardhi kwenye ganda la mota.

mpira_wa_8mm

Naongezea upande wa kuvuta, kwa sababu huko ndiko pampu nyingi za tangi zinakofia.

Wengi husema pampu kubwa huchemsha maji kwenye baipasi. Kwa kikombe kimoja si kweli: ya lita 100 kwenye bar 9 ni wati 25, kwa sekunde 30 ni jouli 750, na kichwa cha shaba cha kilo moja hakisikii chochote. Ubaya wa pampu kubwa ni mwingine. Wakati wa kutoa kahawa inavuta kidogo tu, kwa sababu baipasi inarudisha maji ndani kwa ndani. Lakini boila likijazwa, au ukisuuza kichwa bila kahawa, inataka kuvuta kila kinachowezekana. Kwenye mpira wa ndani milimita 4, ambao ndio mashine za Ulka huja nao, lita 100 kwa saa zinapita kwa mita 2.2 kwa sekunde. Mpira wa milimita 8 unashusha hadi 0.55. Ule mwembamba unasababisha maji kutoa mapovu yanayopasuka ndani ya pampu: unasikia mlio kama changarawe ndani ya kopo, na sindano ya geji inatetemeka. Mlio huo ukiendelea, vibao vinalika.

Kwa hiyo: mpira wa milimita 8 au zaidi, wenye ukuta mgumu usiojibana, mfupi, na pampu ikae chini ya usawa wa maji. Weka kichujio cha wavu kabla ya pampu. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mimina maji ndani ya kichwa cha pampu kwa mkono. Ulka ikikosa maji hupiga kelele na kukuonya. Rotari hukaa kimya, ikafa kimya, kwa sababu vibao na sili ya shafti hulainishwa na maji hayo hayo. Kihisi cha tangi kikate mota pia, si hita peke yake.

Jambo la meno ya viungo: pampu nyingi za rotari za Procon zina meno ya NPT (kipimo cha Marekani) ya 3/8, wakati viungo vya mashine za Italia huwa G (kipimo cha Ulaya) ya 3/8. Moja ina meno 18 kwa inchi, nyingine 19. Zinaingiana vizuri mizunguko miwili hivi halafu zinakwama, na mtu anadhani inahitaji spana ndefu zaidi. Haihitaji. Tafuta adapta. Tepi nyeupe usiifikishe kwenye jino la kwanza, maana kipande kikikatika kinaingia kwenye baipasi na presha haitulii tena.

kikombe_kimoja

Asanteni sana. Naenda na ya 50. Urefu ndio unanipa wasiwasi sasa, mota na pampu vikiunganishwa vinakaribia sm 26 kamili. Na presha naiwekaje?

presha_tisa

Sm 26 kamili haifai. Viungo vya mabomba vinatokeza pembeni, na miguu ya mpira ya kuzuia mtetemo inataka nafasi ya kucheza. Mota ikigusa ganda la mashine, ukimya wote wa rotari umeupoteza. Angalia mota ya DC isiyo na brashi ya volti 24, ni fupi zaidi, na kasi yake unaipunguza upendavyo. Ile ya kapasita usiijaribu na dima, itaungua. Kama pampu inaunganishwa kwa sumaku badala ya shafti, hakuna sili ya kuvuja, ila ikizidiwa sumaku zinateleza: mota inazunguka, presha sifuri. Izime, subiri isimame, iwashe tena.

Presha: weka kikapu kisicho na matundu, washa, legeza nati ya kofia, zungusha skrubu robo kwa robo. Kulia inapanda. Isimamishe 9.5, kisha malizia ukiwa na kahawa halisi, kwa sababu maji yakipita, geji husoma chini kidogo. Kila jaribio lisizidi sekunde 20.

mpira_wa_8mm

Na kabla ya kufunga kifuniko tazama mshale wa mzunguko kwenye pampu. Mota ikizunguka kinyume, maji yanasukumwa kurudi kwenye tangi na utaona mapovu humo. Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja, chomoa umeme, zungusha shafti kwa mkono: ikizunguka kirahisi, kapasita imechoka, ikigoma, ni chokaa au vibao vimenata.