Vijana wa tofali wameng'oa mota ya mashine yangu, naombeni ushauri wa haraka

Mtafutaji_Goba:
Wakuu, habari za mchana. Nimebanwa, na wenye matusi naomba mpite tu. Nina saiti ndogo ya kufyatulia tofali huku Goba, mashine moja na turubai la kivuli. Kuna mkandarasi nilimpa tofali 6,000 za inchi sita kwa mali kauli, akaahidi wiki mbili. Huu mwezi wa pili, simu anapokea akijisikia. Vijana wangu nao wananidai na wameanza maneno. Jana nimekuta wamefungua mota ya mashine, wameifunga kwenye kiroba cha saruji na kulala nayo ndani. Wanasema haitoki mpaka kieleweke. Alhamisi kuna mteja anakuja kupakia na mzigo wake haujafika hata nusu. Nifanyeje niwatoe pale kwa amani bila kupoteza mota? Usiku silali.

Nangurukuru:
Naweka kambi hapa. Wajuzi wanakuja.

Saruji_Mkononi:
Mkuu, tatizo lako ni hiyo mali kauli. Tofali halitoki saiti kama nusu ya hela haijasoma kwenye simu. Mimi niliwahi kumpelekea mchungaji mmoja tofali za uzio wa kanisa, akaniambia sadaka ya Jumapili ni yangu. Uzio ukaisha, geti likawekwa, kanisa likazinduliwa na mgeni rasmi akaja. Mimi bado nasubiri sadaka. Mwambie mkandarasi unakwenda kukaa saitini kwake na familia yako yote, atalipa. Halafu, kwa mfuko mmoja unatoa tofali ngapi? Siku hizi kuna watu wanatoa 45, wanatuuzia biskuti.

Mtafutaji_Goba:
Natoa 35. Lakini swali langu ni mota.

Mama_Wawili_Tegeta:
Swali lako si mota, baba. Wanakudai shilingi ngapi? Wako wangapi, na mliandikishana nini?

Mtafutaji_Goba:
Wako wawili. Wanadai kama laki tisa. Makubaliano ya mdomo, 1,500 kwa kila mfuko wanaofyatua. Chakula natoa mimi na pa kulala natoa mimi.

Kisiki_Mbichi:
1,500? Huku Madale ukimtajia mfyatuaji chini ya 3,000 anakuachia chepe mkononi anaondoka. Hao malaika umewaokota wapi? Nipe namba zao.

Mtafutaji_Goba:
Ni vijana wa Kigoma, wachapa kazi. Hawana zile za vijana wa hapa mjini, kufika saa nne na kila wiki kufiwa na shangazi. Bei walikubali wenyewe, sikumshikia mtu panga.

Buhigwe_Original:
Kigoma ipi? Mimi ni wa Buhigwe. Taja wilaya tu.

Mtafutaji_Goba:
Mmoja anasema kwao ni Mabanda. Sasa wilaya ya mtu na mota yangu vinahusiana nini?

Buhigwe_Original:
Vinahusiana sana. Ukifika Manyovu, unavuka mpaka, unapita Mugina, ukiendelea mbele ndiyo unaikuta Mabanda. Hiyo ni Burundi, mkuu. Hao ni Warundi na unajua ni Warundi, ila mnapenda kuwaita "wa Kigoma" ili jirani asiulize. Matokeo yake sisi wa Kigoma wenyewe ndio tunaolipia. Kiha na Kirundi tunasikilizana bila mkalimani, kwa hiyo nikifungua tu mdomo mbele ya dirisha la ofisi naulizwa babu alizaliwa wapi. Siku nafuatilia kitambulisho niliambiwa niimbe wimbo wa taifa, nikaimba mpaka ubeti wa pili, mhudumu mwenyewe ubeti wa pili hajui. Mwaka 2013 ilipopita Operesheni Kimbunga, ile ya kuwasaka wahamiaji haramu, kule Kigoma, Kagera na Geita, mjomba wangu alishinda kutwa amewekwa chini na kadi yake ya kura mfukoni. Na wewe umekaa Goba unaendelea kutuchanganya.

Mtafutaji_Goba:
Sawa, ni Warundi. Sikusema mwanzo kwa sababu nilijua mtaacha swali mtarukia hilo. Lakini tuseme ukweli, nani huku pembeni ya mji hana Mrundi kwenye banda la ng'ombe, Mmalawi jikoni au Mkongo kwenye saluni? Niliwakuta wanazunguka na begi moja wote wawili, nikawapa kazi na paa. Na Burundi si Afrika Mashariki? Tumeambiwa Jumuiya ni moja.

Nusu_Wakili:
Burundi iko ndani ya Jumuiya tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ila isome na viambatanisho vyake. Kila nchi iliorodhesha kada ilizokubali kuzifungulia mlango, na Tanzania ilifungulia zaidi wenye taaluma. Mfyatua tofali hayumo. Mrundi anaingia bila viza akiwa na hati yake, anagongewa muhuri, anatembelea ndugu. Akitaka kushika chepe kwa mshahara anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Kibali cha kazi anayekiombea ni mwajiri. Kwa hiyo wenye kosa hapo ni watatu: wao wawili na wewe.

Kisiki_Mbichi:
Na ile amri ya 2025 ya kuwakataza wageni biashara 15 itamkamata. Mtanzania anayemsaidia mgeni faini milioni 5 au miezi mitatu ndani.

Nusu_Wakili:
Hapana, usichanganye. Amri ile inahusu biashara: kutengeneza simu, saluni, uwakala wa miamala ya pesa, kuongoza watalii na kadhalika. Hao vijana hawana biashara, wana malengelenge. Yake ni ile ya 2015.

Jembe_la_Taifa:
Sheria pembeni, tuongee ukweli. Kijana wa Kitanzania anaambiwa mvivu kwa sababu hataki 1,500. Mgeni akija akikubali, bei ya kazi mtaa mzima inaanguka. Warudi kwao wote, tuanze upya.

Mama_Wawili_Tegeta:
Mrundi hapangi bei, anaambiwa bei. Aliyeishusha ndiye huyu aliyetuletea uzi. Na tusijifanye wasafi kwa Watanzania wenzetu. Kima cha chini cha dada wa kazi anayelala kwako kilikuwa 40,000 tangu 2013, kikapandishwa mpaka 60,000 Januari 2023. Siku ile kwenye kikundi chetu cha akina mama wa mtaa simu zilipata moto, watu na magari yao wanalia kwamba serikali imewaonea. Kuna mmoja alisema bora achukue msichana kutoka nje ambaye hajui redio inasema nini. Hakuona aibu.

Nusu_Wakili:
Na wewe Jembe, "wote" ni akina nani? Wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliopewa uraia ni zaidi ya 160,000, na vyeti walianza kukabidhiwa 2014. Wa makazi ya Katumba, Mishamo, Ulyankulu, wale ni Watanzania kama wewe. Lafudhi siyo hati ya kusafiria.

Mtafutaji_Goba:
Jamani mnanipoteza. Niseme tu yote. Mimi nimewaza hivi: itolewe taarifa Uhamiaji, waje wawachukue kwa utaratibu, kila mtu arudi kwao salama na mota ibaki. Kama raia mwema. Swali langu ndilo hilo, mtoa taarifa naye anaunganishwa? Kuna jirani amesema atapiga simu yeye ili mimi nisionekane, nimeshamwelekeza saiti ilipo. Si kwamba nawadhulumu. Wakiondoka nitawatumia hela yao taratibu, mkandarasi akilipa.

Mama_Wawili_Tegeta:
Utawatumia Mabanda? Kwa namba ipi? Mungu anakuona.

Mzamiaji_Mstaafu:
Mimi huwa nasoma tu, leo nimeingia kwa sababu yako. Nilizamia Sauzi ujanani, nikafika Durban, nikawa nasaidia mafundi rangi. Tulikuwa watu wa kila taifa, Wamalawi, Wamsumbiji, Wabongo. Bosi mtu mzuri kabisa, Jumamosi anatununulia kuku. Mwisho wa mwezi, asubuhi ya siku ya malipo, geti linafunguliwa tunaona gari la polisi linarudi kinyumenyume. Wakati napandishwa nilimtazama, alikuwa ameshika bahasha za mshahara mkononi, zimeandikwa majina yetu kabisa. Wenyeji wa pale walikuja kuniambia ndiyo desturi yake, kila baada ya miezi kadhaa anabadilisha kikosi. Nilikaa Lindela, kituo cha kushikilia wahamiaji wanaosubiri kurudishwa kwao, na ovaroli yenye rangi mpaka siku ya ndege. Na yeye nina hakika alijiona raia mwema.

Nangurukuru:
Duh. Bahasha zimeandikwa majina.

Hesabu_Kali:
Wakuu, mnalia bure, hii ni chai, stori ya kutunga. Chukua kalamu. Laki tisa ukigawa kwa 1,500 ni mifuko 600. Mifuko 600 mara tofali 35 ni tofali 21,000. Mkandarasi kachukua 6,000. Tofali 15,000 zimepaa? Mtu mwenye tofali 15,000 anakosaje laki tisa? Mtunzi alisahau kupiga hesabu. Na jina lenyewe limesajiliwa juzi.

Kisiki_Mbichi:
Kumbe! Nilishangaa mota kulala kwenye kiroba. Chai ina tangawizi hii. Picha ya saiti iko wapi?

Jembe_la_Taifa:
Na mzamiaji naye mtu mmoja na mleta mada. Wote wanaandika kwa mpangilio mno. Bahasha nani anaandika majina?

Mzamiaji_Mstaafu:
Wewe hujawahi kulipwa kwa bahasha ndiyo maana unauliza.

Buhigwe_Original:
Mimi hata kama ni chai, Mabanda haitungwi na mtu wa Goba. Jina hilo kaambiwa na mtu.

Mtafutaji_Goba:
Siyo chai. Hesabu ni sahihi, ila sikutaja kila kitu kwa sababu siyo kikao cha bodi. Nyingine niliuza reja reja nikanunua saruji na mchanga, bila hivyo saiti ingesimama. Nyingine nimejengea kwangu Madale. Nimefika lenta. Na uzio. Mtu ukiwa na tofali zako mwenyewe usijenge? Mvua zinakuja, nina watoto, nalipa kodi ya nyumba kila miezi sita.

Hesabu_Kali:
Basi inajumlisha. Naomba radhi kwa chai, ni kweli, na imekuwa mbaya zaidi.

Nusu_Wakili:
Jirani ameshapiga?

Mtafutaji_Goba:
Bado. Nimemwambia asubiri mpaka mteja wa Alhamisi apakie.

Nusu_Wakili:
Wakikamatwa wataulizwa wamefanya kazi kwa nani, nani alikuwa anawalaza. Watakutaja wewe kabla ya chai ya jioni, na stoo yenye magodoro yao iko kwako. Tena kufukuzwa nchini hakufuti deni. Wamefyatua, wana haki ya malipo yao.

Saruji_Mkononi:
Mimi nina jambo la vitendo. Hapo saiti una tofali kavu ngapi sasa hivi?

Mtafutaji_Goba:
Kama 900. Lakini hizo ni za mteja wa Alhamisi.

Saruji_Mkononi:
Bila mota wa Alhamisi humtimizii, atakuja atakutukana atarudi. Nakuja kesho saa moja na keshi. Nachukua zote kwa elfu moja moja, inakuwa laki tisa kamili, unawapa vijana mbele yangu, mota inatoka.

Mtafutaji_Goba:
Elfu moja ni wizi. Soko ni 1,300, wewe mwenyewe unajua.

Saruji_Mkononi:
Ndiyo bei ya mwenye haraka. Utakubali mwenyewe, sikushikii panga.

Kisiki_Mbichi:
Hahahaha!

Mtafutaji_Goba:
Weka 1,200 na upakiaji ni juu yako.

Saruji_Mkononi:
1,100, mwisho. Wapakiaji ninao wawili hapo hapo kwako, nitawalipa mwenyewe mkononi. Mpigie jirani yako kwanza umwambie aache, halafu nitumie namba pembeni.